Ugali Nyuma ya Tanuri

Mkono wa kulia wa mwoka naan hauna nywele hata moja. Moto ulizimaliza zamani. Kila Ijumaa mchana, Nasike huketi kwenye meza ile ile ya mkahawa wa Kihindi hapa Kitale akimtazama kazini: anapiga donge la unga viganjani, pa, pa, pa, anazamisha mkono tanurini hadi begani, anabandika mkate ukutani na kuutoa mkono bila haraka, kama mtu aliyeweka barua mezani. Hasemi na mtu. Na miaka miwili hii, Nasike hajamwona akionja naan yake. Saa nane ikigonga, hufunua sufuria yake nyuma ya tanuri, akala ugali.

Ijumaa hii Nasike alimleta mamake kutoka Malakisi. Kuku wa tanduri alikuja, mishikaki ikaja, naan zikarundikwa. Mama alizigusagusa kwa adabu, kisha akamwuliza mhudumu kwa sauti ya chini, "Na chakula?" Mhudumu akacheka. Nasike akainamisha uso. Mwoka naan hakucheka. Alipangusa mikono, akaja na sahani: ugali wake wote, wa wimbi, ungali unafuka mvuke. "Mayi," akamwita mama kwa lugha ya kwao, "si umetoka mbali? Anza na hii."

Mama akala, kuku akabaki mifupa. "Sasa nimekula," akasema.

Wakitoka, Nasike aligeuka mlangoni. Yule bwana alikuwa ameketi juu ya kreti, sufuria tupu miguuni, akimega naan na kuitafuna taratibu, kama mgeni aliyeambiwa kwamba hicho ndicho chakula.