Wifi Yangu Mahbuba na Wodi Iliyokataa Kusimama

Wifi yangu Mahbuba ana kichwa kigumu, na nnasema hivi yupo hai na ananisikia. Kaka yake, Thani, ndiye aliyenioa mimi Kheiria, kwa hiyo kumsema nna haki, na nisipomsema atadhani nnaumwa.

Tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, baada ya Mapinduzi, tukaja Maskati kwa jamaa ambao tukiwajua kwa majina tu. Tukapata nyumba nje ya ukuta wa mji, na Kiarabu chetu kikawa kinachekwa kila tukitia mguu sokoni. Mahbuba alikuja nasi, mjane, na mwanawe mmoja, Ghanim. Ghanim akenda zake Kuwait kutafuta kazi, akaoa huko huko, akazaa. Mama mtu akabaki na sisi, anafuma kofia na kunikosoa mapishi yangu.

Mwaka wa sabiini, joto lilipoanza kulegea na mambo ya nchi kufunguka, ikapita habari kwamba hospitali inataka wanawake wanaojua kusoma, wafundishwe unesi. Siku hiyo nnapepeta mchele uani, Mahbuba akaja akasimama mbele yangu.

"Wifi, nnakwenda."

"Wapi?"

"Kusomea unesi."

Ungo nusura unitoke. Mwanamke ana miaka arubaini na sita na wajukuu wawili! "Nyoo!" nikamwambia. "Unesi na magoti hayo?"

"Magoti hayapigi sindano," akanijibu, akaingia ndani kutafuta viatu.

Jambo hili hakuliota juzi. Alipokuwa msichana Unguja alitaka unesi mpaka akakonda, na baba yake akasema binti yake hatoshika vyoo vya watu. Akaozwa. Akazaa, akalea, akazika mume. Hamu yenyewe wala haikumtoka, mimi nikiiona kila mtoto akijikata kidole nyumbani: alikuwa anamrukia yule mtoto kwa furaha, mpaka haya nikaona mimi.

Basi akenda. Metroni wa pale alikuwa mama wa Kihindi, mrefu, mkavu, saa kaibana kifuani. Akamtazama Mahbuba, akatazama nyuma yake, akamuuliza kwa Kiarabu chake cha kuungaunga, "Binti yako yuko wapi?"

"Binti mwenyewe ndiye mimi."

Wasichana waliokaa kwenye benchi wakaangua kicheko. Metroni hakucheka. Akamwambia kazi hii ya watu wenye mifupa mizima, msichana akifunzwa leo atafanya kazi mpaka azeeke, na yeye keshafika huko kwenye kuzeeka, sasa afunzwe ili iweje? Wallahi ningekuwepo mimi ningemjibu mengine. Mahbuba akasema tu, "Nijaribu." Na kwa kuwa wanawake wenye kusoma walikuwa wa kutafuta kwa tochi, akajaribiwa.

Loo, nyumba yetu ilikoma! Kila jioni anakariri mifupa. Akamlaza kaka yake kwenye mkeka, akawa anambonyeza mbavu moja moja na kuzitaja, na Thani anacheka anapiga mateke kama mtoto. Sijapata kumuona wifi yangu mzuri vile. Hata uso ulimnawiri.

Balaa lilikuja alipotiwa wodini.

Wodi yenyewe ya wanawake, wengi wao vijana, wenye miguu iliyofungwa na matumbo yaliyoshonwa. Anaingia Mahbuba na beseni lake la maji, na hawa wasichana wa Kiomani, waliolelewa wakaleleka, wanaona mama mtu mzima kaingia. Watafanya nini? Wanainuka! Mwenye mguu mbovu anateremsha mguu, mwenye mshono anajikamata tumbo, wote wima, "Karibu, khala, karibu mama yetu," wanambusu mkono, wanampisha mahali pa kukaa. Na beseni wanampokonya. Mama mzima amuoshe mtoto miguu? Aibu gani hiyo!

Akawaomba. "Laleni, wanangu, tafadhalini." Mama anaomba! Wakazidi kusimama. Kesho yake akaingia kajificha katikati ya manesi wadogo, kainama nyuma ya kigari cha dawa kama mwizi wa kuku. Wakamjua kwa kikohozi, wakainuka.

Alikuwepo mmoja akiitwa Bakhita, binti wa kijiji cha Sidab, kaolewa mwaka ule ule, mguu wake umepasuliwa na kushonwa toka gotini mpaka karibu na kifundo. Daktari alisema mguu huu usikanyage chini kabisa, ukikanyaga huenda asiutembelee tena. Siku moja Mahbuba kaingia, Bakhita akasahau, akaruka kumsalimu. Nyuzi zikafumuka. Damu ikamwagika sakafuni na mtoto wa watu akaanguka, ikabidi ashonwe upya.

Metroni akamwita Mahbuba kando. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. "Unaona?" akamwambia. "Mimi sikuchukii. Lakini umri wako unaniumizia wagonjwa. Nitakuja wodini Jumamosi nikutazame. Akiteremsha mguu mgonjwa mmoja kwa ajili yako, utakwenda nyumbani."

Alirudi alasiri ile, akakaa uani na nguo zake nyeupe, akalia. Mahbuba sikumuona kulia alipozika mume, sikumuona kulia tulipoiacha Unguja. Nikapandwa na hasira, na mimi nikipandwa na hasira ndiyo hufikiri vizuri.

"Lakini na wewe!" nikamwambia. "Unaingia mle kama muombaji. Tafadhalini, tafadhalini! Ghanim alipokuwa mdogo akikataa dawa, ulikuwa unamwambia tafadhali?"

Akapangusa pua. "Nilikuwa nnamwambia sina radhi naye."

"Akafanyaje?"

"Akanywa."

"Haya basi! Wale hawakusimamii wewe nesi, wanakusimamia wewe mama. Kawe mama!"

Akanawa uso, akaniuliza tumepika nini.

Jumamosi nikampelekea chakula mapema makusudi, nikajibanza mlangoni mwa wodi na kikapu changu. Mahbuba akaja hana beseni. Kasimama wima, mikono kiunoni, kama anavyosimama jikoni kwangu. Wodi ikaanza kuinuka.

"Hapo hapo!" akasema, kwa Kiarabu chetu kile kile kinachochekwa sokoni. "Nani humu ananihesabu mama yake?"

"Sote, khala."

"Basi sikilizeni. Atakayetia mguu chini bila ya mimi kumwambia, sina radhi naye, duniani wala akhera."

Ya Rabbi! Walirudi vitandani kwa pamoja, shuka mpaka kidevuni. Pembeni alilala bibi mmoja mkongwe, Bi Sayyida, anayeweza kumzaa Mahbuba na mimi juu yake. Naye kauvuta mguu upesi. "Na mimi pia, mwanangu?"

"Wewe nnakuomba, bibi yangu," akasema Mahbuba, akenda akambusu kichwa.

Akachukua beseni, akaanza kwa Bakhita. Bakhita akafunika uso kwa mikono. "Khala, miguu yangu mimi, nnaona haya."

"Nna thawabu zangu hapa kwenye mguu wako. Unataka kuninyima?"

Binti akaondoa mikono usoni, akaoshwa, akafungwa bendeji mpya, na Mahbuba anamuimbia chini chini kama anambembeleza mjukuu.

Metroni akaingia. Hakuinuka mtu. Akatazama kushoto, akatazama kulia, hakuamini. Akamwambia Mahbuba atoke, aingie tena. Akatoka, akaingia. Wamelala. "Tena." Akatoka, akaingia. Msichana mmoja karibu na dirisha mguu ukamcheza kwa mazoea, akaudaka kwa mikono yake miwili akaukandamiza kitandani. Nilitia upande wa buibui mdomoni nisicheke kwa sauti.

"Umewafanya nini?" metroni akauliza.

"Sista, huo uzee uliosema utawaumiza, ndio uliowalaza."

Yule mama akakitazama kitanda cha Bakhita, bendeji imekaa sawasawa. "Kesho uje mapema," akasema. "Una zamu ya asubuhi."

Nami mlangoni nikapiga kigelegele, nikafukuzwa. Sijali! Nilipiga kingine njiani.

Lakini uhondo ulikuja baadaye, mguu wa Bakhita ulipopona. Daktari, mwanamke wa Kizungu mpole, akatoa nyuzi, akamwambia, "Sasa simama, utembee." Mumewe kaja kumchukua, anangoja nje na kanzu mpya. Bakhita akatikisa kichwa.

"Siwezi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Khala hajaniambia."

Daktari akamwambia yeye ndiye daktari. Bakhita akasema anajua, Mungu amzidishie, ila mwenye radhi ni khala, si yeye. Akaitwa metroni. Metroni akaamrisha, akabembeleza, akaamrisha tena. Wapi! Binti kang'ang'ania kitanda kwa mikono miwili. Na Mahbuba siku hiyo yumo darasani, na metroni mwenyewe ndiye aliyeweka amri kwamba mwanafunzi hatolewi darasani kwa jambo lolote.

Nilikuwa nnapita uwanjani na kikapu, nikamuona kwa macho yangu mama yule mrefu anakwenda mbio mpaka dirishani mwa darasa, anagonga kioo.

"Bi Mahbuba," akaita. Siku zote alikuwa akimwita wewe. "Njoo, tafadhali. Tunakuhitaji."

Mahbuba akaja taratibu, hana haraka, chaki ingali mkononi. Nikamfuata nyuma, na safari hii hakuna aliyenifukuza. Akasimama mbele ya kitanda, metroni upande huu, daktari upande wa pili.

"Simama, mwanangu," akamwambia. "Radhi zangu unazo zote."

Bakhita akateremsha mguu mmoja, akateremsha wa pili, akaukanyaga. Ukamchukua. Akatembea mwenyewe mpaka alipo wifi yangu, akambusu mkono, na Mahbuba akamkumbatia akanambia mimi niache kulia, nnamtia aibu mbele ya watu.