Mbuzi wa Pasi

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shuka moja jeupe la kitambaa cha marekani ambalo hakuna aliyeruhusiwa kujifunika. Lilikuwa shuka la chumvi. Wakati wa kiangazi tulikwenda naye kando ya ziwa Kindai, akakwangua ule udongo mweupe unaobaki maji yakirudi nyuma, akauchuja kwa maji, akayachemsha yale maji, halafu chumvi yake akaianika juu ya lile shuka. Siku moja upepo ukaja. Upepo wa Singida haupigi hodi. Ulilibeba shuka na chumvi yake ukalipeleka ziwani, na wale ndege wekundu wa miguu mirefu wakaruka wote kwa pamoja, shuka likawa katikati yao, likipepea kama mwenzao. Bibi hakulia. Alisimama mkono kiunoni, akalitazama mpaka likapotea.

Sijui kwa nini nimeanzia huko, maana nilitaka kusema habari za mpwa wangu. Lakini nikifumba macho nimwone yeye, linatangulia lile shuka. Ngojeni, nitafika.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Kazi yangu ilikuwa udobi, na kibanda changu kilikuwa Singida Mjini, nyuma ya soko. Zamani nilinyoosha mashati ya makarani na magauni ya harusi. Kisha zikaja zile nyakati za ruksa, kila mtu akawa na kitu cha kuuza, na mitumba ikashuka kwa marobota, nguo zimekunjamana kama uso wangu wa leo. Wauzaji waliniletea nizinyooshe kabla hawajazitundika. Pasi yangu ya mkaa ikawa haipoi. Nilikuwa nainyoosha suruali ya mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, na mara nyingine naona kama magoti yake bado yamo ndani, yanapanda ngazi za huko kwao. Mvuke wa pasi unafanya hivyo. Ukiinamia kutwa nzima, unaona mambo.

Dada yangu anayenifuata kuzaliwa aliolewa Mtinko. Kijana wake mkubwa ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Alisomea sayansi. Alipomaliza, alituma salamu kwa dereva wa lori la alizeti: "Mwambieni mama nimepata pasi."

Basi. Kwetu kupasi ni kushinda. Mtoto akipasi darasa la saba, wanawake wanapiga vigelegele mpaka kuku wanakimbia. Hii ilikuwa pasi ya chuo kikuu! Dada alichinja mbuzi, akaita majirani, akapika pombe ya mtama kwa wanywaji na chai kwa wasiokunywa. Mzee mmoja wa jirani, mtu wa masihara, alinishika bega mbele za watu.

"Wewe shemeji, umeshika pasi maisha yako yote, hujachinjiwa hata jogoo. Mpwa wako kashika moja tu, mbuzi!"

Tulicheka sana. Kijana alikuwa kwenye kigoda, akisogeza nyama huku na huku kwenye sahani. Nikadhani ni uchovu wa safari.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekwisha alipokuja kibandani kwangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona umekuja na uso wa msiba?"

Alikaa juu ya robota. Akasema aliomba kusomea udaktari wa watu, wamemkatalia.

"Watakukataaje na una pasi?"

"Mjomba, mbuzi wa watu alikufa bure. Kuna daraja la kwanza. Kuna la pili la juu. Kuna la pili la chini. Halafu ndiyo pasi."

"Halafu?"

"Halafu hakuna. Halafu umefeli."

Nikaiweka pasi yangu juu ya kigae, nikaitazama kama vile ndiyo imenidanganya.

"Ilikuwaje?"

"Viatu," akasema. Kumbe chuoni alikuwa anauza viatu vya mitumba, chumba kwa chumba. Wenzake wakiwa maabara, yeye yuko mnadani anachagua. Lakini udaktari aliutaka tangu mdogo, tangu dada yake mdogo alipofia njiani, kwenye baiskeli, wakimpeleka hospitali, na yeye ndiye alikuwa amemshika mgongoni. Hilo nilikuwa nalijua. Hakuhitaji kunisimulia.

Mganga wa zahanati ya kule kwao, mtu mpole aliyekuwa karibu kustaafu, ndiye aliyempa njia. Alimwambia, "Zile alama hazifutiki kwa sabuni. Rudia mtihani wa kidato cha sita, kemia na baiolojia, ufaulu vizuri. Na uje ufanye kazi hapa kwangu, niwe na la kuwaandikia watu wa chuo juu yako. Lakini nitaandika nitakachokiona, sitakutungia."

Akaanza. Siku za kazi yuko zahanati, anapima watoto uzito, anachemsha sindano, anafagia. Jumamosi anapanda baiskeli na vitabu vyake mpaka kibandani kwangu, anasoma kwa sauti huku mimi nanyoosha. Nilipenda sana zile Jumamosi. Majina ya kemia yalikuwa marefu, yanateleza kama maneno ya mtu anayeota. Mkono wangu ukawa unakwenda nayo, jina moja kola, jina jingine mkono wa shati. Nje upepo unatikisa bati, ndani mvuke umetufunika, yeye anataja, mimi nasikia tu kama mvua ya mbali. Hata leo nikinyoosha kola, midomo inacheza, lakini jina haliji.

Shida ilikuwa watu. Kibanda hakina mlango, na wauzaji wa mitumba wana masikio. Walimpa jina: Daktari wa Pasi.

"Daktari wa Pasi, leo unanyoosha mgonjwa au unanyoosha shati?"

"Dokta, mimi mgongo umepinda, nipige pasi!"

Maneno yakafika Mtinko. Kule ilikuwa mbaya zaidi, maana kule walikuwa wamemla yule mbuzi. Akipita kisimani, mtu mmoja anaanza, "Meee." Mwingine anaitikia. Watoto waliimba hivyo bila hata kujua sababu. Dada yangu aliyapokea akacheka nao, ndivyo alivyo. Kijana hakucheka.

Koti jeupe nilimpatia mimi, kutoka kwenye robota. Mfukoni lilikuwa na jina la mtu wa huko, limedariziwa kwa uzi wa buluu. Lile jina tulilifumua. Muuzaji akasema, "Hilo la bucha hilo," lakini mimi nilijua ni la daktari. Nililinyoosha mara nyingi, na vitundu vya sindano vilibaki, ukilielekeza kwenye jua unaona jina la mtu limeandikwa kwa mwanga.

Mtihani aliurudia, akafaulu, safari hii kwa alama za juu kweli. Mganga aliandika alichokiona. Chuo kimoja cha udaktari, kipya, kikamwita kumsaili. Aliporudi alinisimulia.

"Waliniuliza, hii pasi ni ya nini? Nikawaambia, ni ya viatu. Nikawaeleza yote."

"Wakasemaje?"

"Mmoja akachungulia chini ya meza, akatazama miguu yangu. Wakacheka. Lakini walicheka vizuri, mjomba."

Wakamchukua.

Dada akafunga mbuzi kwenye uzio. Nilikwenda Mtinko siku hiyo na koti nimelikunja kwenye gazeti, bado lina joto la pasi. Majirani walikuwa wameshaanza kukaa, walewale. Kijana alikuwa na begi lake mlangoni.

"Mama, nilikuomba usichinje."

"Nilichinja kwa pasi, nisichinje kwa udaktari? Watu watanielewaje?"

"Watanielewaje mimi?"

"Wakishakula watanyamaza. Kaa."

Yule mbuzi akalia pale uani. Meee. Nilimwona yule mzee wa masihara akifunika mdomo kwa kofia, mabega yakitikisika.

Kijana alinipokea koti. Alilivaa palepale, juu ya shati la safari. Akamshika mama yake mkono, akaushika kidogo zaidi ya kawaida, nasema kidogo lakini nadhani ulikuwa muda mrefu.

"Naangalia kama kuna gari," akasema.

"Usichelewe, nyama haikai!"

Akainua begi. Upepo ulikuwa umeamka, ukaingia ndani ya lile koti ukalijaza, akawa mpana, mweupe, miguu haionekani vizuri kwa vumbi. Dada alikuwa ameshageuka kutafuta kisu. Mimi nilisimama penye uzio nikimwangalia akipita kisimani, akipita mashamba ya alizeti, anazidi kuwa mdogo. Hakugeuka, wala hakurudi tena Mtinko mpaka leo.