Watilie Dawa

Shangazi yangu anaogopa kila kitu isipokuwa wadudu. Anaogopa radi, mbwa, hodi ya mwenye nyumba, hata simu ikiita sana. Lakini mkono wake anauzamisha kwenye beseni la pumba za ngano lililojaa mabuu, anawachota kama anachota mchele, wala hakunji uso. Cherehani ni kazi yake, ila stoo ndiyo shamba lake. Mabuu wanakaa humo, wamewekewa vipande vya karoti wapate unyevu. Mbawakawa wanaotaga analala nao chumbani, eti stoo kuna mijusi. Wafuga ndege huja na makopo yao, naye huwapimia kwa kikombe.

Kuna unga mweupe wa maganda ya mayai anaowanyunyizia, ili ndege watakaowala wapate mifupa migumu. Huo unga yeye anauita dawa.

Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutusalimia. Bibi mwema sana, ila kukaa bure hawezi. Asubuhi moja shangazi akiwa mguu ndani mguu nje, alimwambia, "Mama, ukipata nafasi, wale wadudu wa stoo watilie dawa."

"Nenda mwanangu, usijali."

Naye akawatilia dawa ya mende, ya unga, nyeupe vilevile. Na mimi simlaumu. Mwambie mtu yeyote awatilie wadudu dawa, uone atafanya nini.

Jioni tuliporudi, bibi alitupokea anatabasamu. "Nimewamaliza! Ila yule fundi saa alikuja, akajichotea kopo zima wakiwa bado wanatambaa. Nikamwacha. Sijui anawapeleka wapi, maskini."

Shangazi aliingia stoo, akawaona wamekauka juu ya pumba. Alitoka mbio bila viatu, na mimi nyuma. Mtu ambaye havuki barabara bila kushikwa mkono alikatiza katikati ya magari, honi zinalia.

Fundi saa ni mjane, anaishi nyuma ya kibanda chake na kwezi mmoja aliyemlea tangu alipodondoka kiotani. Huyo ndege ndiye anayezungumza naye. Tulimkuta fundi ameinama mbele ya tundu, na kopo liko wazi mezani. Kwezi alikuwa amejikunyata chini, manyoya yamesimama.

"Sijui leo ana nini," alisema fundi. "Amekula vizuri tu."

Shangazi angeweza kunyamaza. Kusema kweli, mimi nilitamani anyamaze. Alikuwa ameshika fremu ya mlango.

"Ni sisi," alisema. "Hao wadudu wana sumu."

Fundi alimtoa ndege, akajaribu kumdondoshea maji mdomoni. Maji yalitiririka pembeni. Tulisimama tukitazama kile kifua kidogo kikipanda na kushuka, halafu hakikupanda tena.

"Nani aliwatilia?" fundi aliuliza.

Shangazi akamweleza. Nilisubiri matusi. Yeye alichukua kitambaa chake cha kufutia saa, akamfunika ndege.

"Mama asijue," alisema. "Aliambiwa awatilie dawa, akawatilia."

Bibi alipofahamu kwamba wale wadudu walikuwa mifugo, alilia kwa aibu siku nzima. Tukamdanganya kwamba fundi tulimuwahi. Bado yupo kwetu, na wale mbawakawa wa chumbani wametupatia mabuu wapya. Kila wiki fundi saa anakuja na kopo lake, na kila akija shangazi anapima vibaya, wadudu wanamwagika sakafuni. Anajua kitakachoulizwa.

"Na ndege wetu hajambo?" bibi anauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Hajambo, mama," fundi anajibu. "Wadudu wa wiki iliyopita aliwamaliza wote."