Picha ya Bibi Kwenye Kadi

Juzi niliicheka picha yangu kwenye kadi ya mpiga kura, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni, kwenye kituo cha kupigia kura Iyula.

"Shikamoo Bibi. Kadi iko wapi?" karani alimuuliza bibi yangu, mkunga wa kijiji.

"Marahaba. Mbona wewe nilikupokea duniani bila kadi?"

Foleni ilicheka, karani naye, lakini hakumruhusu kupiga kura bila kadi. Nilikimbia nyumbani kuichomoa kwenye gunia la kahawa, nikiamini nikichelewa Bibi atageuka mtu mwingine.

Karani aliikodolea macho picha yenye ukungu. "Huyu ni wewe kweli?"

"Hata mimi simjui, mjukuu wangu. Ila mwache apige kura."

Sasa naijua sababu ya sheria ile, na bado naibishia. Siku ile Bibi alitoka akicheza, kidole kikiwa na wino.