Ngamia wa Mama Qabale kwa skrini yangu

Leo nimeambiwa nimeharibu ngamia wa mtu.

Mama Qabale alitoka Sericho mpaka studio yangu ya picha hapa mtaani Bulla Pesa. Alitaka nimchapie picha ya ngamia wake iliyo kwa simu yake, aitundike sebuleni.

Nikaifungua kwa kompyuta. Akakunja uso.

"Huyu si wangu. Wangu ana miguu mirefu. Huyu ni kama punda!"

Wateja wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alisema kweli. Monita niliyofunga asubuhi ilikuwa inavuta kila kitu kwa upana, na vipimo vyake vya upana na urefu havikuwa kwa orodha ya kompyuta.

Nikaviandika mwenyewe. Halafu tamaa ikanishika, nikaongeza na hertz, yaani mara ambazo skrini inachora picha kila sekunde, ili iende mbio zaidi. Skrini ikawa nyeusi tii.

"Sasa umemuua!" Mama Qabale akapiga kelele.

Nikakunja mikono. Ukiacha kompyuta sekunde chache bila kugusa kitu, inarudi yenyewe kwa vipimo vya zamani.

Ikarudi. Nikaandika vipimo tena, hertz nikaacha sitini.

Ngamia akasimama wima, miguu yote mirefu!

Nyinyi mnaoniita fundi wa kubahatisha, semeni sasa.

Mama Qabale hata hakunishukuru. Alikuwa ameinamia skrini, anaita ngamia wake kwa jina.