Shayiri ya Rongai kwenye Sakafu ya Molo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa sepetu ya mbao na sakafu iliyojaa shayiri, nikaambiwa nigeuze. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Ilikuwa miaka ya hamsini, juu ya Molo, katika shamba la mzungu aliyekuwa na maua ya pareto, kondoo, na jengo moja la mawe ambamo alipika bia yake mwenyewe. Tulimwita Bwana Meneja. Asubuhi ukungu ulitoka msitu wa Mau ukaja kulala madirishani kama ng'ombe aliyechoka. Ulipoondoka, bonde lote lilionekana chini, buluu juu ya buluu, na wageni waliokuja kuonja bia walisimama pale wakasahau walichokuja kutafuta.

Vijana wanaosoma haya huenda wanadhani bia huanza kwenye chupa. Huanza sakafuni. Shayiri hulowekwa, kisha hutandazwa iote. Ikichipua ndani ya ganda lake, hicho ndicho kimea, na utamu wote wa bia umo humo. Usipoigeuza mara kwa mara, mizizi hushikana kama nywele zisizochanwa, na joto hupanda katikati ya rundo. Ukiiacha ikapitiliza, chipukizi hula utamu, nawe unabaki na makapi. Kwa hiyo kuna saa yake ya kuitoa na kuipeleka tanurini ikauke. Saa hiyo ndiyo kazi. Mengine ni kubeba maji.

Mimi niliijua saa hiyo kabla sijaiona shayiri. Kwetu Kuresoi mama alipika busaa, pombe ya kienyeji ya wimbi, nami nilikuwa naotesha wimbi pamoja naye. Unasugua punje kati ya vidole: ikikwaruza, bado, ikipaka kama chokaa, imefika. Bwana Meneja yeye alikuwa na kitabu. Kitabu kilisema siku sita, na kwa shayiri ya Molo, iliyokua katika baridi, hakikukosea.

Mwaka mmoja mvua ya mawe ikaipiga shayiri yetu, Bwana Meneja akanunua ya Rongai, kule chini kwenye joto. Siku ya nne niliingiza mkono kwenye rundo nikautoa haraka kwa joto. Nikasugua punje. Ikapaka. Bwana Meneja alikuwa ameenda Nakuru, nikamwendea Nyapara, msimamizi wetu, mzee aliyerudi kutoka vita vya Burma na koti asilolivua hata kwenye jua.

"Mzee, hii imefika. Tuitoe leo."

"Kitabu inasema siku sita."

"Kitabu haijagusa hii shayiri."

"Binti, unanitafutia maneno na mzungu. Ukikosea, wewe na mama yako mtalala wapi? Kwa barabara?"

Hakuwa anatania. Kibanda chetu kilikuwa cha shamba, na aliyefukuzwa kazi alifukuzwa pamoja na jiko lake. Mama alikuwa mgonjwa wa kifua. Hatukuwa na pengine. Hata hivyo nikashika sepetu. Nyapara akavua koti.

"Haya, tufe wawili," akasema, akaanza kubeba.

Nusu ilikuwa tayari tanurini tuliposikia gari.

"Nani nasema toa hii?" Bwana Meneja alisimama mlangoni, uso mwekundu kama udongo wa kule Bahati.

"Ni mimi, Bwana."

"Wewe nasoma kitabu?"

"Hapana, Bwana. Nimeshika tu na mkono."

Hakunipiga. Alichukua chaki akachora mstari sakafuni, mbele ya shayiri iliyobaki. "Hii yangu, ngoja siku sita. Ile yako. Bia yako kama mbaya, wewe kwenda. Na mama kwenda."

Kila nusu ilipikwa peke yake, ikawekwa katika pipa lake. Wiki zile nilimtazama mama akipanda viazi nyuma ya kibanda, nisijue kama tutavila.

Bia ilipoiva alikuja mwenye hoteli mmoja wa Nakuru, mtu mnene, mcheshi, na rafiki zake. Waliketi barazani wakilisifu bonde. Niliambiwa nilete majagi mawili, moja la kila pipa. Nilimimina la kwanza, la pipa langu, na, kabla sijafikiri, nikainua glasi nikanywa.

Baraza lote likanigeukia. Nyapara, aliyesimama mlangoni na sinia, akafumba macho.

"Wewe kunywa bia ya wageni?" Bwana Meneja akauliza, sauti ya chini.

Nilitaka kuzama. Ni Nyapara aliyeniokoa. "Bwana, kwao mpishi asipoonja kwanza, mgeni hawezi kunywa. Ataogopa sumu."

Mwenye hoteli akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Yeye hapana anguka. Basi, lete!"

Nikaonja na la pili, maana sasa ilikuwa desturi. Lilikuwa maji yenye uchungu. La kwanza lilijaa kinywani, tamu kisha kali, kama mkate uliotoka tu motoni. Mwenye hoteli alionja yote mawili, akarudi kwenye la kwanza, akalimaliza.

"Hii moja, nani tengeneza?"

Bwana Meneja angeweza kusema ni yeye. Hakuna ambaye angembishia. Alitazama bonde kidogo, kisha akanyoosha kidole. "Huyu."

Tangu siku ile hakuna shayiri iliyotoka sakafuni bila mkono wangu. Bwana Meneja alipouza shamba na kwenda kwao, nilihamia Rongai kuchagua nafaka chini ya mtunza ghala tuliyemwita Bwana Stoo, kisha Nakuru mjini, kiwandani, chini ya Fundi Mkuu, ambaye alikuwa na diploma na adabu ya kuuliza. Mama alikula viazi vyake miaka mingi.

Sasa nimestaafu. Jumapili moja mzee wa kanisa alinitambulisha kwa wageni, akasema nilikuwa kibarua wa mashamba. Nadhani alitaka kunisitiri, bia isitajwe madhabahuni. Nikasimama, magoti yakilia.

"Mzee, samahani. Mimi nilikuwa mpika kimea. Waliokunywa walijua."

Nikaketi. Akina mama wa nyuma wakapiga vigelegele.