Maneno Aliyopewa Nyamhanga

Boke hakuwa bubu. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu majirani zake wa kile kijiji kipya kule Buswahili walidhani ni bubu, na kumbe mwanamke huyu alikuwa na mdomo wa kumtoa nyoka pangoni.

Kabla ya kuhamishwa, akiwa bado kwenye boma la wakwe zake, alimlea Gati, binti yake wa kwanza, kwa maneno sawa na kwa uji. Alimwonyesha ng'ombe akimtajia rangi zao. Alimvuta vidole vya mkono, na kila kidole kilikuwa na jina lake na tabia yake mbaya. Gati akisema "bu", mama yake hujibu kwa Kikuria, "Kumbe! Halafu ng'ombe akafanyaje?" kisha anangoja, na mtoto naye anatia "bu" nyingine. Mama mkwe alikuwa akiwacheka, eti wanapiga soga na mmoja wao hana hata jino. Haukupita muda mrefu Gati akawa anabishana na watu wazima.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji, serikali ikawahamishia watu kwenye vijiji vipya. Boma likabomolewa, ng'ombe wengi wakauzwa, mama mkwe akaenda kwa mwanawe mwingine Bunda, akamchukua na Gati. Boke na mumewe Mseti wakapewa kiwanja kwenye mstari wa nyumba, kando ya shamba la pamba la kijiji. Hapo ndipo alipozaliwa Nyamhanga.

Mseti hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, tungemlaani tukapumua. Alikuwa mtu aliyeumizwa. Siku moja alisimama mkutanoni Musoma mjini kuuliza habari za dawa ya pamba, Kiswahili kikamkatikia njiani, watu wakaangua kicheko, na karani mmoja akamwambia akae chini, siku nyingine aje na mkalimani. Alirudi nyumbani jioni ile ile.

"Mama Gati," alimwambia mkewe, "huyu mtoto hatasikia Kikuria humu ndani. Kiswahili tu. Mimi nilikuwaga najiona mwanaume, leo wamenicheka kama mtoto."

"Sasa mimi Kiswahili nakijulia wapi, Baba Gati?"

"Hicho hicho ulichonacho. Debe likishajaa mtama, mahindi utayatia wapi?"

Boke akaona ni kweli. Hakushikiwa fimbo. Alikubali kwa moyo wake wote, maana hakutaka mwanawe naye aje asimame mbele za watu achekwe. Ila Kiswahili chake kilikuwa cha kuitikia amri shambani na kununua chumvi dukani. Cha kumbembelezea mtoto hakuwa nacho. Alikuwa na njoo, kaa, kula, acha, na nyamaza.

Nyamhanga alipofika umri wa kubwabwaja, alilala kwenye ngozi akasema "bu", akamkazia mama yake macho. Boke alijua vizuri anachongoja. Maneno yalimjaa mdomoni, akayameza. Mtoto akasema tena, akapunga mikono, akangoja. "Kula," Boke akamwambia, akampa titi. Ndivyo ilivyokuwa kila siku, mpaka mtoto akaacha kuuliza. Akawa anakaa pale pale alipowekwa, anatazama ukuta. Wanawake wa shamba la kijiji wakamsifu Boke kwamba amejaliwa mtoto mpole, asiyesumbua. Sifa hizo zilimchoma.

Nyamhanga alipokuwa na miaka mitatu, Boke alimkuta nyuma ya nyumba na gunzi la hindi amelifunga kitambaa, analilea. "Kaa," analiambia. "Acha. Nyamaza." Hakuwa na jingine la kuliambia. Mseti aliposikia alifurahi mno.

"Umesikia? Kiswahili safi, hata lafudhi yetu hana!"

Masika yale mtoto akawaka homa, akakataa chakula, akawa anajigonga kichwa ukutani. Boke akambeba mpaka zahanati. Mganga alikuwa kijana mwenye foleni ndefu mlangoni, lakini alimwinamia mtoto kwa upole.

"Unaumwa wapi?"

Nyamhanga akamtazama tu.

"Muonyeshe dakitari," Boke akamsihi. Kisha akavunja agizo la mumewe, akamuuliza mwanawe kwa Kikuria. Mtoto akamkodolea macho kama anayemwona mgeni. Kilichomuuma kilikuwa sikio, na jina lake hakulijua kwa lugha yoyote ile. Tena, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza kitu akangoja, hakujua kwamba swali hutaka jibu. Maumivu yalipompanda alijiwekea kidole mdomoni, akajiambia mwenyewe, "Nyamaza."

Akapewa vidonge vya malaria. Usaha ulipokuja kutoka masikioni, ugonjwa ulikuwa umeshapanda kichwani. Hospitali ya mjini iliokoa uhai wake. Masikio hayakupona, hakusikia tena.

Jioni waliporudi, Mseti alikaa mlangoni bila kumtazama mkewe.

"Ongea naye, Mama Gati," akasema. "Kikuria, chochote. Ongea naye tu."

Boke akampakata Nyamhanga, na yale yote aliyoyameza yakatoka kwa pamoja, vidole na majina yake, ng'ombe na rangi zao. Mtoto aliutazama mdomo wa mama yake unavyokwenda. Kisha akanyoosha mkono, akaufunika kwa kiganja.

"Nyamaza," akasema.

Boke hakunyamaza tena. Majirani waliomdhania bubu wakaanza kusema amerukwa na akili, kwa maana mchana kutwa alisikika uani akitaja ng'ombe waliouzwa zamani, mmoja baada ya mwingine, akiuliza wakafanyaje, kisha akingoja. Nyamhanga alikaa mbele yake, pale pale alipomweka.